Coastal Union iliyopotea kwenye simu ya mpwa wangu

MPWA wangu wa miaka 14 alinipigia simu Jumamosi moja asubuhi, na kwa jinsi alivyovuta pumzi kabla ya salamu nikajua kuna jambo.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Kulikoni?”

“Mjomba, Coastal imefutika.”

Mimi kazi yangu ni mpira. Mtu akiniambia Coastal imefutika, akili inakimbilia Mkwakwani, Tanga. Nikawaza wameshushwa daraja mezani, nikawaza madeni, nikaanza kutafuta kalamu. Kumbe dogo anaongelea Coastal Union ya kwenye simu yake, ile ya gemu, ambayo yeye na baba yake wameifundisha kwa misimu tisa.

Ukicheka, basi wewe hujawahi kupoteza timu.

Baba yake, yaani shemeji yangu, ni dereva wa malori ya masafa marefu. Anapakia Dar, anapita Tunduma, anaikata Zambia, anakwenda kushusha Lubumbashi. Foleni ya Kasumbalesa ikimkamata, mwezi unakatika hajaonekana nyumbani. Akirudi anakaa siku tatu au nne, halafu huyo, ameondoka tena. Katika siku hizo kuna kitu kimoja ambacho dada yangu ameacha kabisa kukipigia kelele. Saa mbili usiku mkeka unatandikwa, simu inaegemezwa kwenye chupa ya chai, pedi ya bluetooth inatolewa, baba na mwana wanacheza Master League. Baba anacheza kipindi cha kwanza, mtoto cha pili. Hakuna kuuza mchezaji mpaka wote wawili wakubaliane. Baba akiwa njiani, dogo anamtumia ujumbe wa sauti WhatsApp: “Baba, kuna timu inamtaka beki wa kushoto, nimwachie?” Jibu linaweza kuja baada ya siku mbili, mtandao ukipatikana.

Pale mbele, namba tisa, wamemweka mchezaji waliyemtengeneza wenyewe. Wamempa jina la babu, baba yake shemeji, aliyecheza chandimu Tanga enzi zake na akafariki kabla mjukuu hajazaliwa. Sura waliihangaikia mpaka dada yangu akasema hapo mmempatia. Babu huyo alikuwa na mabao zaidi ya 200. Sasa hayupo.

Kilichotokea ni cha kawaida kabisa, ndiyo maana nakiandika hapa. Usajili ulikuwa umefungwa, ligi imeanza, vijana wakapata pachi mpya ya gemu: jezi mpya, vikosi vipya, mpaka matangazo ya vifuani yamebadilishwa. Dogo ni Simba damu, na alitaka kikosi kipya cha Msimbazi akawasumbue nacho wenzake wa Yanga shuleni. Akaenda kwenye kibanda kimoja cha kuwekewa nyimbo na muvi, akatoa hela yake ya chipsi, kijana wa pale akachomeka simu kwenye kompyuta. Simu imejaa. Kijana akafuta folda inayoitwa SAVEDATA, akafuta na faili la gemu la zamani, akamimina mpya. Dakika kumi, kazi imekwisha.

Wala simlaumu sana. Maelekezo ya pachi nyingi ndivyo yanavyosema: futa ya zamani, weka mpya. Hayasemi kwamba ya zamani inaweza kuwa na babu wa mtu ndani yake.

Leseni moja, wachezaji wawili

Nikamchukua dogo mpaka kwa fundi mmoja ninayemfahamu, kijana anayeendesha chumba cha gemu na ambaye mkononi mwake zimepita pachi nyingi kuliko majaribio ya vijana aliyowahi kuyaona kocha yeyote. Alisikiliza kesi yetu huku anafunga paketi za karanga, kisha akauliza swali moja tu: “Mnajua hiyo PES yenu ni ipi?”

Dogo akajibu kwa kujiamini kwamba ni ya mwaka huu. Fundi akatabasamu.

Gemu nyingi za mpira zinazozunguka kwenye simu zetu kwa jina la PES ya mwaka fulani ni mzee aliyevalishwa suti mpya. Mifupa yake ni gemu ya Konami iliyotengenezwa kwa ajili ya PSP, kile kidude cha mkononi ambacho Sony walikitoa Japan mwishoni mwa 2004. Mara nyingi ni PES 2014, moja ya zile za mwisho kutolewa kwa PSP. Mwaka 2012 mtaalamu wa Sweden, Henrik Rydgård, alitoa programu ya bure inayoitwa PPSSPP, inayoifanya simu au kompyuta ijifanye PSP. Tangu hapo watengeneza pachi duniani kote wanachukua ule mwili wa zamani, wanabadilisha majina, jezi, nembo, nyimbo na sauti za watangazaji, wanaurudisha sokoni. Wa kwetu wameingiza timu za Ligi Kuu. Kisheria Konami hawajampa mtu ruhusa hiyo, na hilo msomaji alijue. Lakini Konami pia hawajawahi kumtengenezea mtoto wa Tanga gemu yenye Wagosi wa Kaya.

Sasa shika hapa. Kila diski ya PSP ilikuwa na msimbo wake, herufi nne na tarakimu tano. PPSSPP haiangalii jina uliloliandika juu ya faili. Inaangalia msimbo huo. Ukisevu mchezo, inaunda folda ndani ya SAVEDATA ambayo jina lake linaanza na msimbo. Picha za kurembesha zinakaa ndani ya TEXTURES, kwenye folda yenye msimbo huohuo. Hata zile sevu za papo kwa papo, unazoweza kuzipiga mpira ukiwa hewani, zinakwenda kwenye folda ya PPSSPP_STATE zikiwa na msimbo mbele ya jina.

Pachi mbili zilizojengwa juu ya PES ileile zina msimbo mmoja. Kwako wewe moja ni ya Bongo na nyingine ni ya Ulaya. Kwa PPSSPP ni gemu moja. Ni kama klabu mbili zimesajili wachezaji wawili tofauti kwa leseni moja. Siku wote wawili wakitaka kucheza, mmoja lazima apotee, na anayepotea ni yule aliyetangulia.

Fundi alitupa mfano mwingine ambao nimeupenda. Simba na Yanga zote zimewahi kuutumia Uwanja wa Mkapa kama nyumbani, na hakuna aliyewahi kuona Yanga wanaingia uwanjani na soksi nyekundu kwa bahati mbaya. Kwa nini? Kwa sababu kila timu ina mtunza vifaa wake, na begi lake, na akiondoka anaondoka nalo. Simu ya dogo ina uwanja mmoja, chumba kimoja cha kubadilishia nguo, na haina mtunza vifaa.

“Kwa hiyo Coastal haipo tena?” dogo akauliza.

“Kwenye hii simu haipo,” fundi akasema. “Kuna simu nyingine yoyote iliwahi kuwa nayo?”

Dogo akanyamaza kidogo. Halafu macho yakamtoka. Miezi sita nyuma, baba yake alipokuwa anaondoka, yeye mwenyewe alimrushia gemu nzima na folda zake zote kwenye simu, ili akae nayo kwenye foleni.

Utingo aokoa jahazi

Tukampigia shemeji. Alikuwa upande wa Zambia, bado mbali na nyumbani. Nilipomweleza, kukawa kimya kirefu kiasi kwamba nikadhani mtandao umekata.

“Babu ameenda?” akauliza.

“Inategemea. Ile gemu ya kwenye simu yako umeicheza?”

Akasema Master League hajaigusa hata siku moja, anaogopa kuharibu. Akiwa kwenye foleni anacheza mechi za kirafiki tu. Sijawahi kufurahia woga wa mtu namna ile.

Kazi ya kutafuta folda ikamwangukia utingo wake, kijana anayejua simu kuliko anavyolijua lori. Kwa maelekezo ya fundi kwa njia ya sauti, akaingia kwenye folda ya PSP, akaikuta SAVEDATA, akaikunja iwe faili moja la zipu, akaituma WhatsApp kama hati. Watu wengi hawajui kwamba sevu ni kitu kidogo sana. Misimu yote ile, mabao yote ya babu, ugomvi wote wa kumuuza beki wa kushoto, vilikuwa vyepesi kuliko kipande kimoja cha video ya bao. Kilicho kizito ni gemu yenyewe, na hiyo isingepita kwa bando la mpakani.

Fundi akaifungua zipu, akaiweka mahali pake, akawasha gemu. Master League ikaonekana. Dogo akaruka. Msimu wa sita, siyo wa tisa, lakini ipo. Akabonyeza kuingia.

Jina limeandikwa Coastal Union. Kocha ni yeye na baba yake. Babu yupo, namba tisa. Lakini timu imeingia uwanjani imevaa jezi za klabu ya Hispania, nembo ya Hispania, na wapinzani walioandikwa African Sports wana nembo ambayo hakuna mtu wa Tanga angeitambua.

“Usisevu!” fundi akapiga kelele, akamnyang’anya pedi.

Hapa ndipo kuna somo la pili, ambalo wengi linawaponza hata kama sevu hawajaipoteza. Mtengeneza pachi hawezi kuongeza timu mpya kirahisi kwenye gemu ya zamani. Anachofanya ni kuchukua nafasi ya timu iliyopo na kuivalisha nguo nyingine. Mmoja ameiweka Coastal kwenye nafasi ya timu fulani ya Uholanzi. Mwingine, kwenye pachi yake, nafasi ileile amewapa Wahispania na Coastal ameihamishia kwingine. Sevu yako haikumbuki nembo. Inakumbuka namba ya nafasi. Majina yamekaa kwenye faili la maboresho, ambalo lilikuja na folda kutoka kwa baba, ndiyo maana yalikuwa sawa. Jezi na nembo zimo ndani ya gemu yenyewe, ambayo ilikuwa mpya. Ukisevu juu ya mchanganyiko huo na ukaendelea hivyo, unajenga nyumba ambayo msingi wake uko kiwanja cha jirani.

Kwa hiyo tuliyoipata ilikuwa nusu ya timu. Nusu nyingine, lile gemu la zamani lenyewe, lilikuwa bado linatembea kwenye lori.

Siyo simu tu

Wenye kompyuta wasijione wako salama. PES 2021, iliyotoka Septemba 2020, bado inachezwa na kupachiwa mpaka leo, kwa sababu Konami walipohamia eFootball mwishoni mwa Septemba 2021 walitoa kitu ambacho hata mashabiki wao wa kufa na kuzikana walikizomea. Kwenye kompyuta, pachi zinaingia kwa njia ya programu ndogo inayoitwa Sider. Uzuri wake ni kwamba haigusi mafaili ya gemu yenyewe. Inasoma orodha iliyoandikwa kwenye faili la sider.ini, mstari kwa mstari, kila mstari ukielekeza kwenye folda moja: hii ya jezi, hii ya sura, hii ya viwanja. Gemu inapoomba kitu, Sider inampa kutoka kwenye folda hizo.

Ukielewa hivyo, unaweza kuwa na sider.ini mbili, moja ya kazi yako na Liverpool na nyingine ya kazi yako na timu za Afrika, ukazibadilisha kabla ya kuwasha. Wachezaji makini ndivyo wanavyofanya. Tatizo ni kwamba kuna faili jingine, EDIT00000000, linalokaa kwenye folda ya sevu ndani ya Documents, na hilo ndilo linabeba majina, vikosi na uhamisho. Unaweza kubadilisha sider.ini yako vizuri kabisa ukasahau faili hilo, ukapata vikosi vya huku na jezi za kule. Vinakwenda pamoja, na hakuna mtu wa kukukumbusha.

Kwa wale wa Football Manager mambo ni tofauti, na kwa maoni yangu ni bora zaidi. Pale ukitaka kufundisha Ligi Kuu ya Tanzania huna budi kutumia kazi ya mashabiki, maana kwa Afrika watengenezaji wenyewe wameweka ligi ya Afrika Kusini tu kuwa ya kuchezeka. Unashusha faili la ligi, unaliweka kwenye folda ya “editor data”, na unapoanza kazi mpya gemu inakuuliza ni mafaili yapi unataka. Ukishatiki na kuanza, basi. Yamemezwa. Sevu ile imeyabeba tumboni, na hata ukiyafuta kwenye folda kesho, Ligi Kuu yako inaendelea. Hasara yake ni kwamba huwezi kuongeza faili la ligi katikati ya safari. Anza upya, hakuna rufaa.

Nembo, picha za wachezaji na mwonekano wa kurasa vyenyewe unaweza kubadilisha hata ukiwa msimu wa 20, ni nguo tu. Na yako mafaili ya kurekebisha majina ambayo yanashika hata kwenye sevu ya zamani. Hayo yalipata wateja wengi, hasa baada ya Manchester United kuwaburuza Sega mahakamani kwa kutumia jina lao, na kuanzia toleo la 2022 klabu hiyo ikawa kwa miaka kadhaa inaitwa Man UFC. Shabiki wa United aliyeanza kazi na kukuta jina hilo la baa ya mtaani, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kutafuta dawa.

Nilishangaa kugundua kwamba wenye majibu bora ya jambo hili hawamo kwenye gemu za mpira kabisa. Wamo kwenye Skyrim, gemu ya mapanga na mazimwi iliyotoka 2011, ambayo watu wake wanaweka pachi mia, mia mbili, na kila mhusika wanayemtengeneza anataka zake. Mchawi anataka hizi, mwizi anataka zile. Wao wana programu inaitwa Mod Organizer. Ndani yake unafungua kitu kinachoitwa profaili, kila mhusika na yake. Kila profaili ina orodha yake ya pachi, na ukiweka tiki mahali fulani, inakuwa na folda yake ya sevu pia, mbali na wengine. Folda ya gemu yenyewe inabaki safi, pachi zinaonekana kama zimo wakati gemu linawashwa, ukifunga zinaondoka. Yaani wana mtunza vifaa. Sisi wa mpira, watu tunaojua umuhimu wa mtunza vifaa kuliko mtu yeyote duniani, hatuna.

Begi la kila timu

Nilimwomba fundi aniambie angefanya nini kama simu ni yake. Alinionyesha, na nimejaribu mwenyewe, inafanya kazi.

PPSSPP ya siku hizi kwenye Android inakuuliza folda ya kuwekea vitu vyake, ile inayoiita memory stick. Watu wanachagua moja siku ya kwanza na kusahau. Lakini kwenye mipangilio, upande wa mfumo, unaweza kuibadilisha. Unatengeneza folda mbili kwenye simu, moja unaiita COASTAL, nyingine unaiita SHULE. Ukitaka kucheza na baba, unaielekeza kwenye COASTAL. Ukitaka kwenda kuwatambia wenzako, unaielekeza kwenye SHULE. Kila moja inakuwa na SAVEDATA yake, TEXTURES zake, hazionani. Soma tu kinachoandikwa kwenye skrini unapobadilisha, kwa sababu inakupa nafasi ya kuhamisha data kutoka folda ya zamani kwenda mpya, na hapo hutaki kuhamisha chochote.

Njia nyingine, kwa asiyependa kubonyeza mipangilio kila siku, ni kuwa na PPSSPP mbili. Ipo ya bure na ipo ya kulipia inayoitwa Gold. Simu inazihesabu kama programu mbili, kwa hiyo kila moja unaipa folda yake mara moja na umemaliza. Hela ya Gold inakwenda kwa wenye programu, na kwa kweli wamestahili.

Halafu lile la muhimu, ambalo fundi alilisema huku ananyoosha kidole kama refa: sevu na gemu yake ni pea. Ukihifadhi sevu, hifadhi na gemu iliyoizaa. Pachi mpya ikitoka, iache ya zamani ikae hapohapo ilipo mpaka kazi uliyoianza nayo imalizike. Mpya ianze na kazi mpya. Kama simu imejaa, futa muvi. Muvi inapatikana tena.

Nina neno pia kwa vijana wetu wanaotengeneza hizi pachi za Bongo. Nawaheshimu. Nimeona jezi zimechorwa mpaka mstari wa begani, bila mtu kuwalipa, na kisha mwingine anakuja anafuta jina la mchoraji na kuweka lake. Lakini jamani, andikeni ndani yake: imejengwa juu ya gemu gani, timu zipi zimekaa kwenye nafasi zipi, na msomaji afanye nini na sevu zake kabla hajamimina. Mistari minne tu. Ile amri ya “futa ya zamani” iondoeni, au muongeze neno “nakili” mbele yake.

Marudiano

Shemeji alirudi baada ya siku 11. Nilikuwepo kwa sababu dada alipika pilau, hiyo ndiyo sababu rasmi. Hata viatu hajavua, dogo ameshachukua simu ya baba, anaivuta ile gemu ya zamani. Ni kubwa, ilichukua muda, na sote watatu tulikaa tunaangalia mstari wa kijani ukijaa kama watu wanaosubiri matokeo ya mechi nyingine.

Akaiweka kwenye folda ya COASTAL. Akawasha. Master League. Msimu wa sita.

Jezi nyekundu na nyeupe. Nembo yao. Babu namba tisa, umri wa miaka 24 tena, mabao yakiwa yamerudi nyuma mpaka 131. Misimu mitatu haikurudi na haitarudi: ubingwa mmoja, kipa waliyemlea kutoka timu ya vijana, na yale mabao 70 na ushee. Nilimwona dogo anazihesabu kimoyomoyo.

Baba yeye alikuwa anaangalia kitu kingine. Kwenye kalenda ya gemu, mechi inayofuata ilikuwa fainali ya kombe. Ile fainali. Waliicheza zaidi ya miezi sita iliyopita, siku mbili baada ya yeye kunakiliwa hiyo folda, akiwa amechelewesha safari kwa ajili yake, wakafungwa kwa penalti, na penalti ya mwisho aliikosa yeye.

“Hii tuliipoteza,” akasema.

“Ndiyo baba.”

“Sasa bado haijachezwa?”

“Bado.”

Akavua viatu. Akavuta mkeka, akachukua pedi, akaanza kupanga kikosi, akamtoa kiungo mmoja ambaye inaonekana alikuwa na kinyongo naye siku zote hizo. Dada akaita kwamba pilau linapoa. Hakuna aliyeitika. Shemeji akasogeza kidole kwenye kitufe cha kuanza mechi.

“Subiri baba,” dogo akasema, akachukua simu mkononi mwake. “Nikopi folda kwanza.”